Mahali na Mahari

Levina Bundala hawezi kupita mbele ya bango lenye kosa akaliacha salama. Isevya nzima inamjua kwa tabia hiyo. Mama ntilie mmoja aliyeandika kwa chaki "Chakura tayari" alimshuhudia akilamba kidole, akifuta ile r, akichora l mahali pake, kisha akaketi na kuagiza wali na maharage kama mtu ambaye hajamgusa mtu. Fundi wa jirani, mwenye bango la "Chelehani", alikataa kusahihishwa, akasema wateja wake hawaji pale kusoma. Tangu siku hiyo Levina hajashona kwake hata kitambaa cha meza. Wapo watu wenye maradhi ya tumbo, wapo wenye maradhi ya mgongo. Yake ni r na l, na Mungu alimjalia mwajiri anayemlipa mshahara kwa maradhi hayohayo.

Mwajiri ni matbaa ya chuo kikuu kimoja cha kanisa pale Tabora, ambako Levina ni mhariri. Jengo ni la matofali ya kuchoma, refu kama ghala la tumbaku, kando ya barabara ya zamani iliyopitisha misafara ya kwenda Ujiji. Humo hutoka vitabu vya historia, vya falsafa, sarufi ya Kinyamwezi inayonunuliwa na wageni watupu, na zaidi ya vyote vitabu vya masomo ya Kiyahudi, ambavyo ndivyo vilivyoipa matbaa jina. Waendesha bodaboda hawajui neno matbaa. Ukipanda unasema "Nipeleke kwa Wayahudi," na unapelekwa, na hutamkuta Myahudi hata mmoja. Utamkuta Levina ana penseli sikioni, na harufu ya wino, na rimu za karatasi zimepangwa hadi dirishani.

Chanzo chake ni mmisionari mzee aliyekuwa na vitabu vingi kuliko mashati. Alipofariki alikiachia chuo maktaba nzima ya Kiebrania, na chuo kikaona haya kuiacha iliwe na mchwa. Akatafutwa kijana mwenye kichwa, akapatikana Sikonge, mtoto wa mrina asali aitwaye Anton, akapelekwa Yerusalemu kusoma. Alirudi na shahada, na koti zito ambalo Tabora halina kazi, na nia ya kuandika kwa Kiswahili yote aliyoyasoma huko. Siku hizi ni mzee mstaafu, anaishi Isevya na dada yake Josepha, na nusu ya vitabu vya Kiyahudi vya matbaa ameviandika yeye. Watu wote humwita Mwalimu.

Mwalimu Anton ana elimu ya kuwatosha watu watatu, lakini r na l zilimshinda tangu utoto. Kiswahili kilifika Unyanyembe vichwani mwa wapagazi, pamoja na shanga na vitambaa, na inaelekea r ilikuwa mzigo wa mwisho kupakuliwa, maana lugha ya nyumbani haikuwa na haja nayo. Mwalimu akiwa ametulia, r zake zote huwa l: atakuuliza habali za asubuhi na kusifu mahalage. Akiwa mbele za watu, akijitahidi aseme vizuri, mambo hupinduka, l ndizo zinazokuwa r. Siku ya mahafali alimkaribisha mgeni rasmi kwa "tafadhari, karibu mbere," na wanachuo wakainamisha vichwa kwa adabu ili wacheke vizuri. Hata kwenye miswada yake ni hivyohivyo.

Levina alimwelewa kuliko alivyopenda kukiri. Yeye ni wa Puge, njia ya Nzega, na kwao nyumbani Kiswahili kilikuwa lugha ya kanisani na dukani. Akiwa darasa la sita aligombea ukiranja. Alisimama mbele ya shule, akavuta pumzi, akasema, "Wanafunzi wenzangu, naomba kula zenu." Shule ikaangua kicheko. Mmoja akapaza sauti kwamba yake ameshaila asubuhi na viazi, na mpaka anamaliza shule Levina aliitwa Kula. Ukiranja hakuupata. Alichopata ni hasira, na hasira hiyo ndiyo iliyomsomesha. Njiani kwenda kisimani alirudia rula, ruka, rudi, rarua, hadi ulimi ukasalimu amri, na akaapa kwamba hakuna r wala l itakayompita tena, iwe yake au ya mtu mwingine.

Kwa hiyo mzee na mhariri wake walifaana. Mwalimu aliandika mambo makubwa, Levina akayapangusa. Walikuwa na utaratibu wao. Palipokuwa na neno la wazi, alisahihisha na kuendelea. Palipokuwa na neno la kutilia shaka, aliweka msalaba mdogo wa penseli pembeni, na kazi ikipungua alasiri alimpigia Mwalimu simu wakaimaliza misalaba mmoja baada ya mwingine. Baada ya misalaba walihamia kwenye kamusi.

Kamusi hiyo, ya Kiebrania kwa Kiswahili, ndiyo kitu pekee ambacho Mwalimu alitaka kukiacha duniani. Hakujaliwa mtoto. Aliianza kabla Levina hajaajiriwa, akaja akamvuta ndani yake bila kumwomba, kwa kumuuliza tu: neno hili Wanyamwezi wa kwenu wanaliitaje, na hili lina Kiswahili au tuliache? Mswada ulikaa kwenye mfuko wa turubai uliopauka, na Mwalimu aliusafirisha kwenye karia ya baiskeli kama mgonjwa. Siku moja aliandika kwa mkono wake jalada litakavyokuwa, na chini ya jina lake akaliweka la Levina. Levina alikwenda nyuma ya jengo akalia, akanawa uso, akarudi kazini. Wakati huo walikuwa wanaelekea herufi ya lamedi, iliyo kama l ya Kiebrania. Inayofuata ni memu.

Jambo jingine alilolileta Mwalimu kutoka Yerusalemu lilihusu karatasi. Karatasi zilizoharibika mashineni huuzwa kwa kilo kwa akina mama wa karanga, nao huzikunja pembe tatu za kufungia. Mwalimu alisema karatasi yenye Jina la Mungu haitupwi wala haifungiwi karanga. Kwa Wayahudi huzikwa, kama mtu. Mkurugenzi wa matbaa, Magreth, mwanamke wa mahesabu asiyependa mzaha, aliona ni usumbufu, lakini hakutaka kubishana na mzee. Likachimbwa shimo nyuma ya choo cha wafanyakazi, likahamishwa kwa sababu Mwalimu hakupapenda mahali penyewe, na tangu hapo karatasi za Jina zikawa zinazikwa karibu na ukuta wa mashariki.

Ndipo kikaja kitabu cha msiba. Mwalimu alikiita *Kukaa Chini*, kwa sababu Myahudi aliyefiwa hukaa chini, karibu na ardhi, kwa juma zima, na majirani humletea chakula. Mgeni akija kuhani hafungui kinywa mpaka mfiwa mwenyewe aseme kwanza. Akiwa anaondoka ndipo anapotamka maneno ya faraja yaliyowekwa na wazee wao. Mwishoni mwa kila sura Mwalimu alilinganisha hayo na matanga ya Unyamwezi, ambako watu pia hukaa chini na chakula pia hutoka kwa jirani. Kilikuwa kitabu kizuri. Levina alikisoma polepole, jambo ambalo si kawaida yake.

Akafika kwenye yale maneno ya kuondokea. Mwalimu alikuwa ameandika: "Mahali awafariji pamoja na wote wanaoiombolezea Sayuni na Yerusalemu."

Penseli ikasimama. Mahali huchukua pa. Mahali pazuri, mahali pale, mahali pamebomoka. Hakuna mtoto wa shule aliyewahi kusema mahali anafariji. Kwa hiyo neno si mahali, na kwa kuwa aliyeandika ni Mwalimu, Levina alijua moja kwa moja limetoka wapi. Katika kitabu cha ndoa alichotangulia kuandika, kila penye mahari mzee aliweka mahali, sura nzima, na Levina alizigeuza zote bila kumpigia simu.

Na kulikuwa na sababu nyingine, ambayo hakuifikiria kwa sababu ilikuwa ndani yake tayari. Mama yake, Jenifa, alifariki Levina akiwa msichana mdogo. Baba yake, Silasi Bundala, hakuwa amemaliza mahari. Wajomba walikuja msibani wakasimama uani wakasema dada yao haingii kaburini mpaka ng'ombe waonekane. Maiti ikalala ndani. Silasi akazunguka kijiji hadi kijiji akiomba, na Levina alikaa nje ya mlango akiangalia njia. Ng'ombe walipofika, mjomba mkubwa, aliyekuwa mkali kuliko wote, alimkumbatia Silasi akalia kwa sauti, akasema, "Sasa tumefarijika." Wakazika.

Basi kwa mtu wa Puge hapakuwa na fumbo lolote. Mahari hufariji wafiwa. Yeye aliiona kwa macho. Alifuta l akaweka r, akafuta a akaweka i, sentensi ikakaa sawa: "Mahari iwafariji." Msalaba hakuweka. Aliona hauhitajiki.

Kitabu kikachapwa, kikashonwa, kikapewa jalada la kijivu. Mwalimu alipata nakala yake akaibusu, na kwa desturi yake hakukisoma. Alisema kusoma kitabu chako kilichochapwa ni kujitafutia ugonjwa. Kikauzika vizuri kuliko walivyotarajia, maana misiba haikosi na watu hupenda kujua wengine wanafanyaje. Makatekista walikinunua. Kikafika hadi Igunga.

Huko Igunga, katika kijiji kimoja, alifariki mwanamke ambaye mumewe hakuwa amemaliza mahari. Ndugu wa marehemu walikuwa karibu kulegea. Hapo mmoja wao, mzee msomi wa kiasi, akaomba kile kitabu cha katekista, akakifungua mbele ya watu, akasoma. Hata Wayahudi, akasema, watu wa Maandiko, wenye Yerusalemu yao, wanajua: mahari iwafariji. Nani atabishana na Yerusalemu? Ndugu wakakaza kamba upya. Mwili ukangoja hadi ng'ombe wakaja, na baada ya mazishi katekista, mtu mwangalifu, akampigia simu mwandishi amuulize kama mahari ya Kiyahudi ni lazima iwe ng'ombe au hata mbuzi wanakubalika.

Mwalimu Anton alifika matbaa akiwa na kitabu chini ya kwapa. Hakusalimia mlangoni. Alikiweka juu ya meza ya Levina, akakifungua, akaweka kidole.

"Nani kagusa hapa?"

"Mimi, Mwalimu."

"Uliweka msalaba?"

Levina alitazama kidole cha mzee, ukucha wake uliopasuka. "Sikuweka."

"Mimi niliandika mahali," alisema Mwalimu. "Wewe ukafuta, ukaweka mahali."

Kinywani mwake maneno yale mawili yalikuwa neno moja. Siku nyingine yoyote wangecheka hadi Magreth atoke ofisini kwake. Siku hiyo hakuna aliyecheka.

"Mahali haichukui a," Levina alisema. Si mtu wa kushindwa upesi, hata anapostahili. "Ungesema pawafariji, ningeelewa."

"Ni jina! Kwa Kieblania ni makom. Wazee wao wakienda msibani hawamwiti Mungu Bwana, hawamwiti Mwenyezi. Wanamwita Mahali. Kwa sababu mtu aliyefiwa hana pa kuegemea." Alivuta kiti lakini hakukaa. "Na Kiswahili chetu, wewe unajua kuliko mimi, ngeli ya pa ina jina moja tu. Moja! Ngeli nzima, mkaaji ni mmoja. Siku nilipoliona hilo nilicheka peke yangu balabalani, watu wakadhani nimelewa. Nikasema hii lugha ilikuwa inamngoja. Lakini nikaweka a, wasije wakadhani nasema kiwanja. Ni Yeye."

"Basi ungeweka maelezo chini ya ukurasa."

"Na wewe ungeweka msalaba."

Yote mawili yalikuwa kweli, na hayakumsaidia yeyote. Neno makom liko kwenye memu. Kama kamusi ingekuwa imesogea herufi moja tu, Levina angelijua. Alitaka kusema hivyo, akaona ni kama kumlaumu mzee kwa kuandika polepole, akaacha. Kisha Mwalimu akamweleza habari za Igunga, kwa maneno machache. Levina aliwaza kwamba huenda pale pia palikuwa na binti, ameketi nje ya mlango anaangalia njia, na safari hii aliyemkalisha pale ni yeye Levina kwa penseli yake. Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona, hata siku ile ya kula.

"Nisamehe, Mwalimu," alisema.

Mwalimu alikuwa tayari ameinama chini ya meza. Aliutoa mfuko wa turubai wenye kamusi, akaupangusa vumbi. "Huu nitawapelekea wachapaji wa Dal es Salaam," alisema. Akautoa nje, akaufunga kwenye karia, akaondoka akiisukuma baiskeli.

Magreth alichukua uamuzi wa kimahesabu, nao ulikuwa wa haki. Kitabu hakitachomwa. Ukurasa ule utakatwa, utachapwa mwingine, utabandikwa kwa gundi kwenye kisiki cha ule wa kwanza. Nakala zilizokwisha kutoka zitafuatwa kwa tangazo makanisani. Katekista wa Igunga alipelekewa yake kwa basi, na maelezo marefu. Levina aliomba kazi ya kukata na kubandika aifanye mwenyewe, akaifanya, wembe mkononi, kitabu baada ya kitabu. Ukurasa mpya ulisema Mahali awafariji, na chini yake, kwa herufi ndogo, maelezo ambayo Mwalimu alimsomea Magreth kwenye simu.

Zikabaki kurasa zilizokatwa. Magreth, aliyekwisha kuzoea mambo ya shimo, alipiga simu tena kuuliza kama hizi nazo zizikwe ukutani. Alirudi mezani kwa Levina na jibu kama alivyolipokea.

"Mzee anasema, 'Fungieni kalanga. Jina halimo.'"

Magreth hakujua amebeba nini. Alirudi kwenye mahesabu yake. Levina alikata ukurasa mwingine, na mwingine, akijiambia kwamba kuna matusi marefu zaidi duniani, na hakuna lililowahi kumwingia kama lile.

Muda ukapita, wa kutosha kwa mvua kuanza na kukoma. Kamusi ilikuwa imeondoka, na Levina alijua kwamba kama itafika Dar, itaangukia mikono ya watu wasiojua Mwalimu anasema nini anapoandika "kurara". Hilo ndilo lililomkosesha raha, na hakujidanganya kwamba ni suala la jina lake kwenye jalada tu, ingawa jina pia alilitaka. Alikwenda nyumbani kwa Mwalimu mara moja. Josepha alimwambia kwa upole kwamba kaka yake amelala, na wakati huohuo kaka yake akakohoa ndani. Mitaani, Mwalimu alipomwona kwa mbali alivuka barabara, na shikamoo haina nguvu ya kufika ng'ambo. Siku moja Levina alinunua karanga kwenye kona, akafungua pembe tatu ile, akaisoma. Mahari iwafariji. Karanga alizila, kwa kuwa alikuwa na njaa. Karatasi aliikunja akaitia mkobani.

Kisha Silasi Bundala akafariki. Alikuwa mzee, alilala na hakuamka, na watu wa Puge walisema ni kifo cha heshima. Wakati huu hakuna aliyedai ng'ombe. Levina alifika, akazika, akakaa matanga na ndugu zake chini ya turubai, juu ya mkeka, mgongo kwenye ukuta wa nyumba ileile. Watu walikuja na unga na maharage na pole zao. Alizipokea zote, na hakuna hata moja iliyokaa.

Mchana mmoja, basi la kutoka Tabora lilisimama barabarani, akashuka mzee amevaa koti zito kwenye jua kali. Watoto walimcheka lile koti. Alikuja moja kwa moja hadi kwenye turubai, akavua viatu, akakaa mkekani, akimwelekea Levina. Hakusema pole. Hakusema hodi. Alikaa tu, mikono magotini, akitazama chini.

Watu wakaanza kutazamana. Shangazi yake Levina, Apolinaria, ambaye hana siri mdomoni, alimwinamia mwenzake na kusema kwa kile alichodhani ni mnong'ono, "Huyu mzee bubu? Hata pole jamani?"

Levina alijua si bubu. Ukurasa wenyewe alikuwa ameuhariri: mgeni hafungui kinywa mpaka mfiwa aseme kwanza. Mwalimu alikuwa amekuja kumhani kwa kitabu chao. Na alijua pia kwamba mzee yule ni mgumu. Atakaa hivyo hadi basi la kurudi, kisha atavaa viatu na kwenda zake bila neno, na hapo yatakuwa yamekwisha, kamusi na kila kitu. Zamu ilikuwa yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Malahaba, mwanangu." Mwalimu akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. "Malahaba. Baba alikuwa mtu wa namna gani?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza hilo. Levina akaanza kumweleza, na bila kukusudia akajikuta kwenye msiba wa mama yake: wajomba uani, maiti ndani, baba anazunguka vijijini kuomba ng'ombe na kurudi na vumbi hadi kwenye kope. Akamweleza na mjomba aliyelia akasema tumefarijika. Shangazi Apolinaria alitikisa kichwa kukubali, maana alikuwapo. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo ulipoliona lile neno..."

"Nilimwona baba," alisema Levina. "Sikuona kosa. Nilimwona baba anakuja na ng'ombe."

Mwalimu akachezea kifungo cha koti.

"Ungeniambia," alisema.

"Ulikuwa unavuka balabala," alisema Levina, na ikamtoka hivyohivyo, kwa ulimi wa Puge, na hakurudi nyuma kuisahihisha.

Mzee akacheka kidogo, akajizuia kwa heshima ya msiba. "Josepha amechoka na ule mfuko. Kila akifagia anaugonga. Huko Dal haukwenda, nani atausoma? Ukitoka hapa pita uuchukue. Tuko memu."

Levina aliitikia kwa kichwa.

Honi ya basi ikasikika kwa mbali. Mwalimu akainuka kwa shida, akavaa viatu, na badala ya kuondoka akafunga vifungo vya koti, vyote, akasimama wima. Watu wakaona kuna jambo linataka kusemwa. Wazee waliokuwa nje wakasogea. Mwalimu aliwaona wote wanamtazama. Akakohoa, akajikaza aseme vizuri kuliko alivyowahi kusema maishani mwake, kila neno mahali pake, na kwa sababu hiyohiyo yakatoka kama yalivyotoka siku ya mahafali.

"Mahari akufariji," alisema kwa sauti kubwa, "pamoja na wote wanaoiomborezea Sayuni na Yerusaremu."

Mzee mmoja pembeni aliguna kwa kukubali. Naye alikuwa na mambo yake ya mahari. Mwalimu alisita. Alihisi kuna kitu kimeteleza lakini hakujua ni kipi. Akamwinamia Levina, wasiwasi umemjaa usoni, akamuuliza polepole kama walivyokuwa wakiulizana kwenye simu.

"Nimesema sawa?"

Levina Bundala, aliyewahi kufuta kibao cha mama ntilie kwa mate, alimtazama.

"Amina," alisema. "Umesema sawa, Mwalimu. Hakuna msalaba."